Mteja kahamia simuni, nasi tumemfuata

Swali lenu la wiki hii linauliza kama wafanyabiashara wadogo wanaingia kuuza mtandaoni kwa hiari au wanasukumwa na wateja. Mimi ni muuza madera na vitenge Kariakoo, na jibu langu ni kwamba tumesukumwa.

Kilichobadilika ni namna mteja anavyoamua. Zamani mama wa Mbagala au Kimara alikuja mjini Jumamosi, akapita Mtaa wa Kongo duka kwa duka, akashika kitambaa, akapatana bei, akaondoka na mfuko wake. Leo anaamua usiku akiwa nyumbani, baada ya kuona picha kwenye stetasi au Instagram. Akija dukani anakuja na picha ile ile: "Dada, nataka hili." Na wengi hawaji kabisa. Msongamano wa Kariakoo wanaujua, bora walipie bodaboda mzigo uletwe mlangoni.

Pesa ya simu ndiyo iliyofungua njia. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania 2008. Watu walipokwisha kuzoea kutumiana ada na pesa za matibabu, ikawa rahisi kulipia hata nguo ambayo hawajaishika. Mteja wa Songea anatuma pesa, mzigo unapanda basi, namtumia picha ya risiti ya kupokelea. Kuna upande unaoniuma hapa: zamani mteja huyo alinunua kwa mama mwenye duka hukohuko Songea, ambaye naye alikuja kujumua kwangu. Sasa mama yule anarukwa, na sijaona anayemzungumzia.

Lakini msidhani mteja wetu amechoka kuongea na watu. Jumia, duka kubwa la mtandaoni ambako mtu huagiza bila kuongea na muuzaji, ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019, na wauzaji wadogo wa WhatsApp bado tupo. Mteja anataka kuuliza "mwisho bei gani?", atumiwe video ya kitambaa kikikunjuliwa, asikie sauti ya muuzaji. Duka ameliacha, kupatana hajaacha.

Kazi ngumu ni kuaminiana. Yeye anataka kulipa akishapokea, maana ameshatapeliwa kwingine. Mimi nikituma boda hadi Goba halafu simu haipokelewi, nauli ya kwenda na kurudi inanihusu. Kwa hiyo mteja wa Dar anatuma nauli kwanza, nguo analipia mzigo ukiwa mbele yake; wa mkoani analipa yote kabla. Na bei naiandika chini ya kila picha. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" naipinga waziwazi kwa wenzangu. Mteja anahisi anapimwa mfuko kabla ya kutajiwa bei, na mara nyingi anahamia ukurasa mwingine bila kuuliza.

Wapo wanaonishauri niiache fremu ya duka, niuzie nyumbani, niokoe kodi. Sikubaliani nao. Mteja mgeni wa mtandaoni, kabla hajatuma hata shilingi, huuliza kwanza: "Duka lenu liko wapi?" Nikimtajia mtaa na ghorofa, wengine humtuma ndugu yao aliye Dar apite kuhakikisha. Akishanikuta hapa, pesa inaingia siku hiyohiyo.