Plaiwudi inacheza juu ya farasi: mtoe mtu, weka klampu

Salaam ndugu yangu wa Kisauni. Umesema plaiwudi inateleza juu ya farasi wako wawili wa kukatia, yaani vile viunzi vya miguu vya kulazia mbao, msumeno wa umeme unabanwa katikati ya mkato na kukurukia, na sasa umemsimamisha mpwa wako ashike ule upande wa pili. Tena umeuliza farasi wawe na urefu gani. Nianze na huyo kijana: mtoe hapo leo hii. Naliona jambo hili katika karakana nyingi za mtaani hapa Mombasa, na linaniuma, kwa sababu huyo anayeshika ndiye anayesababisha msumeno ubanwe.

Tazama inavyokuwa. Unapokata katikati ya farasi wawili, vipande viwili vinabonyea pale penye mkato kwa uzito wake, na ule ufa unajifunga upande wa juu. Diski yenye meno ya msumeno imo ndani, inabanwa, nguvu ya mota inakosa pa kwenda, msumeno unaruka kuelekea kwako. Kijana akiona mbao inalegea, anainua ncha yake ili akusaidie. Akiinua, ufa unazidi kujifunga. Si kosa lake. Mkono wa mtu hauwezi kubaki palepale kama chuma, na vidole vyake viko karibu na diski inayozunguka.

Kwa plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4, ambayo ikiwa ya milimita 18 ni kilo 25 na zaidi, mimi nalaza mbao nne za inchi 2 kwa 3 kutoka farasi mmoja hadi wa pili. Nazifunga kwenye farasi kwa skurubu, na vichwa vya skurubu nazamisha ndani sana, diski isivifikie. Plaiwudi inakaa juu yake. Ukipasua kwa urefu, weka mbao mbili kila upande wa mstari. Ukikata kwa upana, diski itazikwaruza kidogo zile mbao za chini, na hilo halina neno. Teremsha diski ipite unene wa plaiwudi kwa milimita 5 hivi, isizidi. Hapo vipande vyote viwili vinabaki vimelala mpaka mwisho, hakuna cha kushikwa wala kudakwa.

Mbao nyembamba kama 2 kwa 4 ni habari nyingine. Hiyo ikatie nje ya farasi, inchi chache tu kutoka ukingoni, ili kipande kifupi kianguke chenyewe. Weka klampu mbili, vile vibano vya chuma vya parafujo, moja kwa kila farasi, zote kwenye kipande kinachobaki. Usiweke klampu kwenye kipande kinachoanguka. Klampu moja pekee haitoshi, maana mbao itazunguka palepale ilipobanwa. Mkono wa klampu uning'inie chini, na kabla ya kuwasha, chomoa waya ukutani kisha upitishe msumeno juu ya mstari mzima uone kama mota au bamba lake litagonga chochote. Ni kazi ya nusu dakika. Wengi wanagundua klampu iko njiani mkato ukishafika katikati, na hapo ndipo mkono unapoyumba.

Kama huna klampu, usitumie msumeno wa umeme siku hiyo. Nasema hivi kwa sababu najua watu wanafunga kwa blada, ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu. Blada inavutika, kwa msumeno wa mkono inafaa, hasa ukiongeza goti juu ya mbao, lakini mota ya umeme itaivuta. Tyubu hiyohiyo ina kazi nzuri zaidi: kata kipande, ulaze juu ya mgongo wa farasi, upige misumari ubavuni. Mbao haitelezi tena. Usipige misumari juu, maana diski ikishuka itaikuta.

Boriti za mikoko zinabingirika, na ni nzito. Farasi wa mgongo bapa hazifai, tengeneza wa miguu iliyopishana kama herufi X, boriti ilale katika pembe ya juu, kisha uipigie kabari kila upande.

Kuhusu farasi wenyewe: kama unafanyia kazi uani kwenye mchanga, miguu inazama upande mmoja polepole na mbao uliyoibana vizuri inaanza kujipinda. Laza ubao mpana chini ya miguu ya kila farasi, kisha unganisha farasi wote wawili kwa mbao moja chini ili wasitembee. Tumia bolti na nati badala ya misumari. Hewa yetu ya chumvi inakula msumari kimyakimya, na joto la kaskazi likikausha mbao, maungio yanalegea. Bolti unaikaza tena kwa spana. Parafujo ya klampu ipake grisi, la sivyo itagoma.

Na stima ikipotea mkato ukiwa katikati, achia swichi, chomoa waya, ndipo uinue msumeno. Umeme ukirudi huku kitufe kimejifunga, diski itaanza kuzunguka bila mtu.

Urefu ulioulizia: kwa msumeno wa mkono, mgongo wa farasi ufike gotini, kwa wa umeme, karibu na kiuno.