Njia rahisi iliyonilia pesa: kugawa mzigo kutoka magodauni mawili

Mwaka wangu wa kwanza kupanga magari nilijiona mjanja. Tajiri wangu alikuwa na magodauni mawili ya unga wa ngano, moja Shimanzi na jingine Miritini, hapa Mombasa, na maduka matatu ya jumla ya kulisha: Kongowea, Mtwapa na Ukunda. Kila Jumatatu nilianza na safari iliyo rahisi kuliko zote. Shimanzi na Kongowea ni pua na mdomo, ukivuka daraja la Nyali umefika, kwa hiyo Kongowea ilipata mzigo wake wote Shimanzi. Kilichobaki kilienda popote kinapohitajika. Mwisho wa mwezi tajiri akiniuliza mafuta yamekwenda wapi, nalaumu foleni.

Nitakupa hesabu yenyewe, ila tarakimu nimezisawazisha zisikuchoshe. Kwa wiki, Shimanzi ilikuwa na beli 600, Miritini 900. Kongowea walitaka 500, Mtwapa 400, Ukunda 600. Lori letu, Canter, lilibeba beli 100. Kutoka Shimanzi, beli moja ilitugharimu shilingi 12 kufika Kongowea, 28 Mtwapa na 40 Ukunda. Kutoka Miritini ilikuwa 18 Kongowea, 44 Mtwapa na 30 Ukunda.

Kwa mtindo wangu, Shimanzi ilipeleka 500 Kongowea na 100 zilizosalia Mtwapa. Miritini ikamalizia 300 za Mtwapa na zote 600 za Ukunda. Piga hesabu: shilingi 40,000.

Aliyenifumbua macho ni dereva, mzee wa makamo, asiyependa maneno mengi. Siku moja kanirudishia karatasi ya safari: "Mwanangu, kutoka Miritini unanipeleka Mtwapa, siku nzima naila foleni ya Changamwe na Makupa, narudi usiku. Kongowea ningekwenda nikarudi saa nne asubuhi." Nikamjibu kwamba Kongowea ni ya Shimanzi, huko ni shilingi 12 tu. Akacheka, akaenda zake.

Usiku nilikaa na daftari. Nilichokuwa nakiangalia ni bei ya njia, na hapo ndipo nilipokuwa nakosea. Cha kuangalia ni tofauti: duka hili likikosa godauni lake zuri, nitaumia kiasi gani? Kongowea ikikosa Shimanzi, naumia shilingi 6 kwa beli. Mtwapa ikikosa Shimanzi, naumia 16. Ukunda haina haja na Shimanzi kabisa, maana Miritini ni nafuu kwake kwa shilingi 10. Kumbe unga wa Shimanzi nilikuwa naumwaga kwa yule ambaye angeukosa bila maumivu.

Basi, Mtwapa ikapewa 400 zake zote kutoka Shimanzi. Beli 200 zilizobaki zikaenda Kongowea, na Miritini ikaongeza 300 Kongowea pamoja na 600 za Ukunda. Jumla shilingi 37,000. Elfu tatu kwa wiki, magari yale yale, madereva wale wale.

Ukiwa na magodauni mawili, hiyo kutoa tu inakutosha: panga maduka kwa ukubwa wa tofauti, godauni moja lianze na wanaoumia zaidi mpaka liishe. Yakiwa matatu au zaidi, wanafunzi wa biashara huiita hesabu hii mbinu ya Vogel: kwenye jedwali la bei, magodauni yakiwa mistari na maduka yakiwa safu, kila mstari na kila safu unatazama pengo kati ya bei ya chini kabisa na inayoifuata, kisha unajaza kwanza penye pengo kubwa. Inakufikisha karibu sana, lakini haikuhakikishii kwamba umepata mpango bora kabisa.

Kwa hiyo hakikisha mwenyewe kwa kuzunguka. Chukua njia usiyoitumia, kwa mfano, kwenye ule mpango wangu wa zamani, safari ya Miritini kwenda Kongowea. Peleka beli moja huko: umeongeza 18. Punguza moja ya Shimanzi kwenda Kongowea: umeokoa 12. Hiyo moja ya Shimanzi sasa iende Mtwapa: ongeza 28. Punguza moja ya Miritini kwenda Mtwapa: umeokoa 44. Jumla umepata faida ya shilingi 10 kwa kila beli, na unaweza kuzungusha mpaka zile 300 ziishe. Kila njia tupu ikikupa hasara ukiizungukia, umefika. Kwenye kompyuta, Solver, kikokotoo kilichomo ndani ya Excel, hufanya kazi hii kwa sekunde chache. Lakini zungusha kwa mkono angalau mara moja, la sivyo hutajua kwa nini mashine inakwambia kitu unachokiona cha ajabu.

(Si elimu ya jana. Mfaransa Gaspard Monge aliandika mwaka 1781 kuhusu kuhamisha udongo kwa gharama ndogo, na mwaka 1975 Leonid Kantorovich na Tjalling Koopmans walipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi kwa kazi zao za kugawa rasilimali vizuri. Sisi wapanga Canter tumechelewa tu.)

Penye kazi kubwa ni kuzipata zile bei. Nilitumia wiki tatu na daftari la dereva: mafuta ya kwenda na kurudi mtupu, muda wa kusubiri feri Likoni na nauli yake, chakula cha utingo, safari ngapi gari linaweza kwa siku. Hili la mwisho ndilo watu husahau. Gari linalopiga safari moja kwa siku, mshahara wote wa dereva na utingo unabebwa na beli 100 tu.

Kuna gharama usihangaike nazo. Makuli wa Ukunda wanatoza bei moja ya kushusha, unga utoke Shimanzi au Miritini. Ukiiongeza kwenye bei zote za Ukunda, jumla itapanda lakini mpango hautabadilika hata beli moja. Nilipoteza siku mbili nikibishana nao bei, nikidhani nitarekebisha mpango.

Mzigo ukizidi mahitaji, ongeza duka la kubuni la gharama sifuri, lipokee ziada. Maana yake unga umebaki godauni. Njia ikifungwa, iandikie bei ya juu mno, hesabu itaikwepa yenyewe. Na barabara ikibadilika, futa safu nzima uanze upya. Kabla njia ya Dongo Kundu, inayoikwepa feri, haijafika Kibundani upande wa kusini, Ukunda kwetu ilikuwa ya feri, na ile 30 ya Miritini haikuwepo.

Sasa naipanga Ijumaa jioni, godauni limetulia. Yule mzee bado anaisoma karatasi yangu kabla ya kuchukua funguo, na akiguna, nairudia.