Kesi ya Scopes haikuhalalisha ufundishaji wa mageuko

Je, kesi ya Scopes ya mwaka 1925 iliruhusu mageuko ya viumbe kufundishwa katika shule za umma za Marekani? Hapana, kwani mwalimu John Scopes alitiwa hatiani kwa kuvunja sheria ya jimbo la Tennessee iliyokataza kufundisha mageuko ya binadamu katika shule hizo, na kutozwa faini ya dola 100. Mahakama ya Juu ya Tennessee ilitengua hukumu hiyo mwaka 1927 kwa kasoro ya utaratibu tu, yaani faini iliyozidi dola 50 ilipangwa na hakimu badala ya jopo la raia waliosikiliza kesi, na sheria yenyewe ikaendelea kuwapo hadi 1967.

Jibu la kama mageuko yanaruhusiwa kufundishwa katika shule hizo limo katika hukumu mbili za Mahakama ya Juu ya Marekani, na kila mtu anaweza kuzisoma: Epperson dhidi ya Arkansas ya 1968, iliyoondoa marufuku ya kufundisha mageuko, na Edwards dhidi ya Aguillard ya 1987, iliyobatilisha sheria ya Louisiana iliyomlazimisha anayefundisha mageuko afundishe pia kile kilichoitwa sayansi ya uumbaji, kwa kuwa lengo lake lilikuwa kuendeleza imani ya dini kinyume cha Katiba. Huu ndio msingi ninaoona unasahaulika mno, kwamba mahakama haikuhukumu kama Mungu aliumba au hakuumba.

Hata hivyo, hukumu hizo hazizigusi shule binafsi, wala hazizuii simulizi za uumbaji kujadiliwa katika somo la historia au la dini linganishi.