Dar hadi Mbeya kwa baiskeli: hizo biskuti zishushe kabla hujaondoka

Mkuu, unaondoka Jumamosi, Dar hadi Mbeya kwa baiskeli. Umeuliza tairi, umeuliza siku ngapi, umeuliza hema, halafu katikati umechomeka kwamba umeshafunga kilo tisa za biskuti za nguvu, tambi na makopo, "nisipoteze muda vijijini wala nisiharibu tumbo". Hapo moyo ulinidunda. Toa huo mzigo. Leo hii.

Nilifanya hivyohivyo. Jamaa mmoja muuza baiskeli alitukusanya jioni moja akatufundisha safari ndefu: chakula cha barabarani ni kipindupindu, wanakijiji wakiona mizigo watakukwapua, wewe kula ulichobeba, pita. Alipomaliza akafungua kabati akatuuzia biskuti za kutoka nje. Zilinitoka karibu laki mbili. Mpaka leo nikimkumbuka nafura. Mtu hajawahi kufika hata Chalinze kwa pedali, anakufundisha kumwogopa mama aliyeamka saa kumi usiku kuinjika maharage! Maharage yanatokota mbele ya macho yako, yana hatari gani kuliko tambi ulizoloweka kwenye maji ya uvuguvugu ya chupa?

Pale Doma spoku mbili za gurudumu la nyuma zikakatika, keria imeelemewa. Nikalipa fundi, nikaendelea. Hifadhi ya Mikumi, zile kilomita 50 hivi, nilipakia baiskeli kwenye Fuso, na wewe fanya hivyo, mle kuna tembo na simba. Hayo yote madogo.

Balaa lilikuwa mlima Kitonga. Ruaha Mbuyuni, kabla ya mlima, nilipita saa nne asubuhi. Bonde lile ni mibuyu pande zote, viroba vya vitunguu vimepangwa kando ya lami, na joto linapanda kutoka chini kama umesimama juu ya tanuri. Mama mmoja akaniita kutoka bandani, "Karibu chakula baba, mlima uko mbele." Nikampungia mkono. Biskuti ninazo, nisimame ya nini?

Saa saba mchana niko katikati ya mlima, nasukuma. Malori yanashuka yananuka breki. Biskuti imegeuka vumbi tamu mdomoni, haimezeki. Maji matupu nimekunywa lita tano tangu asubuhi, na shati limechora mistari myeupe ya chumvi mgongoni. Chumvi yote imetoka, iliyoingia hakuna. Vidole vikakakamaa juu ya usukani, nikatapika, kisha ninachokumbuka ni kokoto za ukingo wa lami zikiwa karibu kabisa na jicho langu.

Utingo wa lori ndiye aliyeniokota, mimi na baiskeli yangu, hakutaka hata shilingi. Njiani aliniuliza swali moja tu: "Kaka, pale Mbuyuni hukula?" Nikamwambia sikula. Akasema, "Ungekula wangekwambia Kitonga haipandwi jua la utosi." Siku mbili za dripu Ilula, na likizo yangu ya mwaka mzima ikaishia kitandani. Mbeya sikuiona.

Mnaotaka kusema nilikuwa sina mazoezi, nilikuwa nayo. Nilichokosa ni benchi.

Mwaka uliofuata nilirudi keria ikiwa tupu, nina karanga za mia tano tu. Nikashuka kwenye banda lilelile, nikaamkia, nikaketi. Mama hakunikumbuka. Akanipakulia wali maharage, mchicha na kipande cha samaki, akaleta ndimu na chumvi kwenye kisosi, na sahani ilipokauka akanimwagia mchuzi wa pili bila kuuliza. Mzee wa benchi la pili akaniambia nilale pale, nianze mlima kukipambazuka, akanionyesha na kona ambazo malori hutanuka hadi upande wangu. Akazichora kwa kidole kwenye maji yaliyomwagika mezani, moja baada ya nyingine. Nikalala kwenye mkeka nyuma ya banda. Alfajiri nikapewa viazi vitamu vya kuchemsha kwenye gazeti na chumvi kidogo imefungwa pembeni. Mama akampigia simu mdogo wake anayeuza nyanya Ilula: "Kuna kijana wa baiskeli anakuja, muwekee chai." Nimefika, chai ipo, ya tangawizi, na chapati mbili zimefunikwa. Kuanzia hapo ni kama nilikuwa nakabidhiwa, mama kwa mama, mpaka viazi vya Uyole, mlangoni mwa Mbeya.

Kwa hiyo shika hili: usipite penye moshi wa jiko bila kushuka. Kula kinachotoka motoni, kachumbari iache, maji kama huyaamini agiza chai. Salimia kwanza, ukifika Iringa sema "kamwene" uone nyuso zinavyofunguka. Watakukaribisha ulanzi, pombe ya mianzi, onja, shukuru, lakini hiyo siku usipande tena baiskeli. Na kila unapoketi uliza mbele kukoje, kwa sababu walioko pale wanaijua barabara kuliko simu yako.

Leo Alhamisi. Duka bado liko wazi, kajaribu kurudisha makopo ambayo hayajafunguliwa. Nenda sasa hivi.