GPA 2.9 na ufadhili unaodai 3.5

Mdogo wangu, GPA (wastani wa alama, kati ya 5) ya 2.9 ya muhula wa kwanza bado inaokoleka. Leo hii soma mkataba wako: wafadhili wanaipima 3.5 kila muhula au kwa mwaka mzima? Kama ni mwaka, na mihula yote miwili ina krediti sawa, unahitaji 4.1 muhula huu. Yaani wastani wa B+ na juu kidogo. Nguvu ziwekeze kwenye masomo yenye krediti nyingi. A ya somo la krediti 12 inakuinua kuliko A mbili za krediti 4. Sapu (mtihani wa marudio) isikupe matumaini makubwa, kwani vyuo vingi huishia kukupa C hata ukifaulu vizuri.

Kama wanapima kila muhula, usisubiri wakuandikie. Peleka barua ya ukurasa mmoja: sababu, ushahidi, mpango wa masomo, na ombi la muhula mmoja wa uangalizi. Kama uliugua, chukua nyaraka za matibabu hospitali ulikotibiwa, kama Bugando au Sekou Toure hapa Mwanza, zinazoonyesha uliugua tarehe za mitihani. Bila tarehe hizo barua hukosa uzito. Mkuu wa idara aisaini. Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwako.