Kabla hujapandisha wembe shingoni, soma hapa

Mkuu, usinyoe kesho. Hiyo mashine iache kwenye boksi lake mpaka umalize kusoma.

Umeandika kwamba ndevu zako ni za kujikunja, kwamba mashine za plastiki zenye nyembe tano zinakutoa vipele shingoni, na kwa hiyo unahamia kwenye unyoaji wa kizamani: wembe mmoja wa pande mbili, brashi na sabuni. Hapo uko sahihi kabisa. Halafu ukaongeza kwamba umechukua mashine yenye mwanya mkubwa, yaani nafasi kubwa kati ya wembe na kingo inayoulinda, na pakiti ya nyembe za Feather, na kesho unanyoa awamu tatu kama ulivyoona kwenye video. Ya kwanza unafuata ndevu zinavyolala, ya pili unakatiza pembeni, ya tatu unapandisha kinyume huku umevuta ngozi mpaka shingo iwe nyororo. Niliposoma hapo mkono ulikwenda wenyewe shingoni kwangu.

Awamu hiyo ya tatu ndiyo iliyoniharibu.

Nilipewa maelekezo yale yale, neno kwa neno. Aliyeniuzia mashine aliniambia nisinunue ile ya upole kwa sababu "hiyo ni ya watoto". Jamaa wa video akamalizia kazi: pandisha, vuta ngozi, rudia mpaka kidole kiteleze. Siku ya kwanza nilitoka bafuni nimefurahi mno, kila mtu nilimwambia ashike shavu langu. Siku chache baadaye chini ya taya pakaanza kuwasha. Vikafuata vipele vigumu, vingine vina usaha, vimejipanga kuanzia kidevuni mpaka kwenye koromeo. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa sababu nilirudi kuuliza na nikajibiwa nivumilie, eti ngozi inazoea. Nikaendelea kupandisha wembe juu ya vipele vile vile. Nilikuwa nakata vichwa vya vipele, damu inachuruzika kwenye kola, na kesho yake vinarudi vikubwa zaidi.

Ngozi haizoei, mkuu. Anayekwambia inazoea hajawahi kuwa na tatizo hilo. Yule wa kwenye video ndevu zake zimenyooka kama sindano; anaweza kupandisha wembe asubuhi na jioni asipate hata doa. Kosa lake si kunyoa hivyo. Kosa lake ni kuwaambia watu wote wanyoe hivyo, halafu mtu akiuliza kwenye maoni anaambiwa mkono wake mbaya.

Nilielewa siku nilipokaa dirishani na kioo cha kukuza. Ndani ya kipele kimoja, chini ya ngozi nyembamba, udevu mweusi ulikuwa umejikunja nusu duara na ncha yake imezama tena kwenye ngozi ile ile ulikotokea. Nikautoa kwa ncha ya sindano iliyochemshwa, bila kuung'oa, nikaacha umesimama nje. Kesho yake kipele kilikuwa kimenywea.

Madaktari wa ngozi wanaiita pseudofolliculitis barbae, na ni kawaida sana kwa sisi wenye ndevu za kujikunja, kwa sababu hata kinyweleo chenyewe kimepinda. Udevu ukikatwa unabaki na ncha kali. Ukikatwa usawa wa ngozi, unatoka, unajipinda, unachoma ngozi pembeni na kuingia. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni mbaya zaidi, nayo ndiyo unayotaka kuifanya kesho: ukivuta ngozi na kupandisha kinyume, udevu unakatwa ukiwa umevutwa nje. Ukiachia ngozi, ncha inarudi chini ya uso wa ngozi, na inapoanza kukua inatoboa ukuta wa kinyweleo ikiwa ndani kwa ndani, haijawahi hata kuona nje. Mwili unaiona kama mwiba. Ndiyo huo uvimbe, ndiyo huo usaha.

Sasa fikiria kwa nini umezikimbia zile za nyembe tano. Gillette walipoleta Trac II mwaka 1971, yenye nyembe mbili, wazo lilikuwa wembe wa kwanza uuvute udevu na wa pili uukate kabla haujarudi ndani. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka huo ni ulaini. Kwako wewe huko ni kukatwa chini ya ngozi kila asubuhi. Wembe mmoja wa pande mbili, ule ambao King Camp Gillette alipata hataza yake mwaka 1904, unakata juu juu na kupita. Faida yake yote kwa mtu kama wewe ni hiyo. Ukipandisha na kuvuta ngozi, umeitupa faida hiyo kwa mikono yako na kubaki na gharama tu.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sina nyingine: fuata ndevu zinavyolala, usipandishe. Si awamu ya tatu, si "kidogo tu hapa kidevuni", si siku ya harusi. Ukiona kivuli cha ndevu kimebaki shingoni, kiache. Kivuli hicho ndicho kinachokulinda, maana udevu uliobaki mrefu kidogo hauna nafasi ya kurudi ndani.

Ila usidhani kufuata ndevu ni kushuka chini tu, hapo wengi wanaumia. Acha ndevu ziote siku mbili tatu. Funga macho, pitisha ncha za vidole shingoni taratibu kila upande: juu, chini, kushoto, kulia. Upande unaoteleza ndio zinakolala, unaokwaruza ndio kinyume. Kwangu upande wa kulia wa shingo zinalala kuelekea sikioni, na chini ya kidevu kuna kiraka kinachoota kwenda juu, kwa hiyo pale kupeleka wembe juu ndiko kufuata. Miaka yote nilikuwa nashusha wembe pale nikijua niko salama. Chora uso wako kwenye karatasi na mishale.

Na usikandamize. Zile za plastiki zimetuzoesha kusukuma. Hii ya chuma ina uzito wake, uache uzito huo ukate. Laza kichwa cha mashine shavuni huku mpini umesimama mbali na uso, kisha ushushe mpini taratibu mpaka usikie wembe umeanza kukata. Ni kama nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi. Utaisikia kabisa, mlio mdogo wa kukwangua. Mlio ukipotea umepinda vibaya. Huo mlio ndio ulionifanya niipende kazi hii mpaka leo, nanyoa taratibu, redio nimeizima.

Nyembe za Feather ni nzuri, lakini ni miongoni mwa zilizo kali kuliko zote sokoni. Kuziweka kwenye mashine yenye mwanya mkubwa ukiwa na mkono wa kujifunza, hapana. Kama wanakubali kubadilisha, rudisha mashine uchukue ya mwanya mdogo. Merkur 34C ndiyo watu wengi huanza nayo na wengi hawatoki. Nyembe zitunze, utazitumia baadaye.

Sabuni, yoyote inayotoa povu zito lenye maji ya kutosha. Povu likikauka usoni, ongeza maji kabla hujapitisha wembe. Na nunua kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la kupaka ukishanyoa. Kiloweshe, kipitishe usoni ukimaliza. Panapochoma ndipo ulipokandamiza, na kesho unajua pa kulegeza mkono.

Vile vipele ulivyo navyo sasa usivinyolee juu. Pumzisha shingo hata wiki kadhaa, punguza ndevu kwa mashine ya umeme bila kugusa ngozi, mpaka zilizozama zitoke. Kama kuna kovu linalozidi kuvimba, hilo mpelekee daktari wa ngozi mapema, usingoje liwe kubwa.

Ramani ya shingo ukishaichora, ipige picha uiweke hapa kabla hujafungua wembe hata mmoja. Nitaiangalia usiku huo huo.