Saa 48 zimepita na hajulikani alipo
Dada, uliyeuliza kuhusu kaka yako aliyechukuliwa baada ya swala ya Ijumaa: msikae kusubiri. Kifungu cha 23 cha Katiba ya Uganda ya 1995 kinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, jamaa waarifiwe, na wakili na daktari wake waruhusiwe kumwona.

Andikeni leo hii: saa aliyochukuliwa, namba ya gari, mavazi ya waliomchukua, nani alishuhudia. Hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi mtakayoapa kuwa ni kweli, itatoka humo. Familia nyingi hukwama kwa sababu zinazunguka vituo zikiuliza kwa mdomo, zinajibiwa "hayupo", na hakuna ushahidi kwamba ziliuliza. Pelekeni kituoni barua ya kumuulizia, nakala mbili. Moja igongwe muhuri mbaki nayo.

Kisha wakili aiombe Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake. Kifungu cha 44 cha Katiba hakiruhusu haki hiyo ya kuomba aletwe mahakamani iondolewe, hata tuhuma ikiwa ugaidi. Tume ya Haki za Binadamu nayo hupokea malalamiko bure.

Na dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi moja. Anayedai pesa anawaibia.